Maganda ya risasi: msiyabane kupita kiasi

Wasomaji wetu mnaowinda huko Marekani na kujijazia risasi nyumbani mmeuliza mengi kuhusu kurudisha maganda kwenye kipimo chake, yaani kuyabana yaliyokwisha kufyatuliwa kwa dai (kibano cha chuma kinachofungwa kwenye presi) ili yajazwe tena. Haya hapa machache.

Nafuata karatasi iliyokuja na dai: naikaza mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha naongeza kidogo. Maganda yangu ya .308 (aina ya risasi za bunduki) yanapasuka juu ya kitako (mwisho wa nyuma wa ganda) baada ya kutumika mara chache. Ni shaba mbovu? (Minneapolis)

Shaba haina kosa, kaka. Ukifyatua, ganda hutanuka likajaa chemba (tundu la bunduki linaloshika ganda) na bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingoni, husogea mbele. Dai ikikazwa namna hiyo, mara nyingi hulirudisha bega nyuma kuliko bunduki yako inavyohitaji. Ukifyatua tena, sehemu ya mbele hung'ang'ania kuta za chemba huku kitako kikisukumwa nyuma, na ganda hunyooka na kuwa jembamba palepale juu ya kitako. Rudia hivyo mara kadhaa, litakatika.

Dawa ni kupima. Chukua ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki hiyohiyo, toa fataki, kile kiwashio cha baruti kitakoni (ikichomoza kidogo tu inaharibu kipimo), halafu pima kutoka kitako hadi begani kwa kalipa yenye kifaa chake cha kupimia bega. Legeza dai, kisha ishushe kidogo kidogo mpaka bega lirudi inchi 0.001 hadi 0.002 tu. Kwa bunduki inayojipakia yenyewe, 0.003 au 0.004 ni salama zaidi. Funga nati ya dai hapo.

Maganda uliyonayo yachunguze yote. Nyoosha klipu ya karatasi, pinda ncha yake, ipitishe ndani ukutani kuelekea kitako. Ikikwama kwenye kijifereji, au ukiona nje mstari unaong'aa umezunguka ganda, tupa. Usilionee huruma, maana likikatika moto wa baruti unaweza kukurudia.

Ganda limenasa ndani ya dai, na presi imeng'oa ukingo wake. Nipige nyundo? (Houston)

Hapana! Rudisha juu fimbo ya kutolea fataki, toboa tundu la fataki kwa drili, lichonge nyuzi, kisha livute kwa bolti. Kuna seti zinazouzwa kwa kazi hii. Chanzo ni uhaba wa grisi. Dai za kabaidi (metali ngumu sana) zinazofanya kazi kavu ni za maganda yaliyonyooka ya bastola. Ganda la bunduki lenye shingo lazima lipakwe grisi. Paka mwilini na kidogo ndani ya shingo, begani usipake: grisi haibonyei, kwa hiyo hulibonyeza bega. Ukimaliza futa yote, kwa sababu ganda lenye mafuta huongeza msukumo kwenye bolti ya bunduki.

Nikibana shingo peke yake inatosha? (Columbus, Ohio)

Inatosha kwa muda, kwa bunduki moja ya bolti (ile unayoipakia kwa mkono kila risasi). Baadaye bolti itakuwa ngumu kufunga na utalazimika kubana ganda zima. Mimi naona bora kulibana zima kila mara, kwa kipimo kile kidogo.

Nikate urefu kabla au baada? (Tacoma)

Baada. Kubana hurefusha shingo. Kwa .308 mwisho ni inchi 2.015; wengi hukata hadi 2.005. Likizidi, mdomo hujibana mwishoni mwa chemba, unakikaba kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda.

Nakwenda nyumbani Arusha mwezi wa Desemba. Nibebe presi na vifaa vyangu? (Dallas)

Viache Dallas. Sheria ya shirikisho la Marekani haikudai leseni ukijitengenezea risasi zako mwenyewe, ila ukiuza lazima uwe nayo. Tanzania, na Kenya vilevile, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai.