Metali zisizopatana: zinyime muda

Nilianza kwa kosa ambalo naona wengi bado wanalifanya: kudhani metali zikikataa kuchanganyika, dawa ni kuzidisha moto. Niliyeyusha alumini na risasi, nikakoroga mpaka mkono ukachoka, nikamimina kwenye kalibu. Kipande kilipopoa nikakikata kwa msumeno: juu alumini, chini risasi imejilalia, laini hata ukucha unaikwaruza. (Risasi usiiyeyushe pasipo na mfumo wa kuvuta hewa, mvuke wake ni sumu.)

Risasi ni nzito mara nne ya alumini kwa ujazo uleule, ndiyo maana ilizama. Lakini chanzo ni atomu zenyewe: kila aina hupenda kukaa na wenzake, na zikipata muda katika hali ya umajimaji, zitajitenga tu.

Basi zinyime huo muda. Mwaka 1960, Pol Duwez na wenzake huko Marekani waligandisha ghafla matone ya fedha na shaba, metali ambazo zikipoa polepole huachana, wakapata aloi moja, yaani metali mbili zilizochanganyika kuwa kitu kimoja.

Mimi napenda zaidi kusaga kwa mtungi unaozungushwa na mashine, maana huyeyushi chochote. Unga wa shaba na wa chuma, tuseme gramu 70 kwa 30, unaingia kwenye mtungi huo wenye gololi za chuma, uzito wa gololi mara kumi ya unga. Ongeza asidi ya steariki kidogo (aina ya mafuta magumu), la sivyo shaba itaganda kwenye ukuta wa mtungi. Jaza argoni, gesi isiyoungana na metali, funga, zungusha. Gololi zinaponda chembe, zinazigandamanisha, zinazivunja tena, saa baada ya saa. Kila ninapopima sampuli kwa eksirei, ambapo kila metali hutoa mistari yake, mistari ya chuma inazidi kufifia, hadi inabaki ile ya shaba peke yake. Hapo chuma kimeingia ndani ya shaba.

Usiharakishe kufungua! Niliwahi kufungua mtungi ungali moto. Unga ukashika moto wenyewe, wekundu ukitambaa juu yake kama kaa linalopulizwa. Siku hizi nauacha upoe usiku kucha, kisha naingiza hewa kidogo kidogo.

Na ukishaipata aloi hiyo, usiipashe moto mkali ukitaka kuishindilia iwe kipande. Nyuzi mia kadhaa za Selsiasi zinatosha kuzirudisha atomu kwa wenzake.

Kama unachotaka ni tangsteni na shaba kwa ajili ya swichi za umeme mkubwa, usijisumbue kutafuta aloi. Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3422, na shaba huchemka kabla ya nyuzi 2600. Shindilia unga wa tangsteni, uchome ushikane ukiwa bado na vitundu, halafu iache shaba iliyoyeyuka inywewe humo.