Kabla hujauliza "mnaishi wangapi hapa?"

Umepewa kishikwambi, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na orodha ya milango mia na ushee ya nyumba za umma. Kazi yako ni kuhuisha taarifa za kaya: nani anaishi humo, wana umri gani, wanaingiza kiasi gani, chumba kinatosha au hakitoshi. Karibu. Mafunzo yamekuonyesha dodoso lilivyo. Mimi nitakueleza zaidi habari za mlangoni.

Mwaka wangu wa kwanza mama mmoja mtu mzima aliniwahi kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. "Mwanangu, hii haitanipandishia kodi?" Nikajibu haraka, nikiwaza milango iliyobaki: "Hapana mama, ni taarifa tu." Akanieleza yote, pamoja na binti yake aliyerudi nyumbani na kupata kazi. Baada ya miezi michache akapata barua: mapato ya kaya yamebadilika, pango linapanda. Sikumdanganya kwa makusudi. Sikuwa najua, kwa sababu sikuwahi kuuliza ofisini majibu haya yanakwenda wapi. Nilipopangiwa jengo lile tena, ghorofa yote ilikuwa kimya, na televisheni nilizisikia.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwanza, mng'ang'anie msimamizi akujibu mambo matatu: majibu yanatumika kwa takwimu, kwa kukokotoa pango, au vyote viwili? Nani atayaona? Na asiyejibu anafanywa nini? Kila mahali pana jibu lake. Ufaransa kwa mfano wana madodoso mawili ambayo wapangaji huyachanganya. Moja ni la kila baada ya miaka 2, la kujua nani anakaa kwenye nyumba hizo. Jingine ni la kila mwaka, la kutafuta kaya zilizovuka kikomo cha mapato kwa angalau asilimia 20 ili zitozwe nyongeza ya pango. Anayenyamazia lile la kwanza hutozwa euro 7.62, na nyingine 7.62 kwa kila mwezi mzima wa kuchelewa. Kiasi hicho cha ajabu ni faranga 50 za zamani zilizobadilishwa kuwa euro. Anayenyamazia la pili hutozwa nyongeza ya juu kabisa, na euro 25 za kushughulikia faili. Sasa fikiria mdadisi asiyejua ameshika lipi kati ya hayo mawili.

Usidhani hofu ya mpangaji ni ujinga. Uingereza, tangu Aprili 2013, mpangaji wa umri wa kufanya kazi anayepata ruzuku ya pango hukatwa asilimia 14 ya pango linalohesabiwa akionekana ana chumba kimoja cha ziada, na asilimia 25 vikiwa viwili au zaidi. Kwenye nyumba za umma za Marekani, pango kwa kawaida ni asilimia 30 ya mapato ya kaya baada ya makato fulani. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza "vyumba vya kulala vingapi?" anasikia pesa. Mwambie ukweli mapema, hata kama utapoteza mahojiano. Mimi siku hizi husema: "Majibu haya yanaweza kugusa pango lako, kulipandisha au kulishusha. Kama mapato yamepungua, hapa ndipo pa kusema." Hiyo nusu ya pili wadadisi wengi huisahau, na ndiyo inayofungua milango.

Sasa swali la wangapi. Usiulize idadi, uliza majina. Ukiuliza idadi utapewa ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Anza na mwenye mkataba, kisha wengine watajwe mmoja mmoja, halafu uliza tena taratibu: yuko mtoto mchanga? Yuko anayesoma bweni? Anayefanya kazi za zamu na kurudi alfajiri? Mtoto anayekaa wiki kwa baba na wiki kwa mama? Majibu ya hawa wa mwisho usiyaamue mwenyewe, mwongozo unapaswa kusema. Usiposema, andika maelezo na umpelekee msimamizi. Na lugha yetu nayo ina mitego yake: "mwanangu" anaweza kuwa wa dada yake, na "kodi" ni ya nyumba na ni ya serikali pia. Sema pango. Kuhusu undugu, uliza "wewe ndiye uliyemzaa?" kwa adabu, kwa sababu kwenye fomu mtoto na mpwa hawana msimbo mmoja.

Jambo linaloniuma zaidi ni fomu zinazokuja zimejazwa taarifa za zamani. Zinarahisisha kazi na zinaharibu watu. Niliwahi kusoma kwa sauti, "Mume wako bado yupo?", nikaona uso wa dada yule ukibadilika na mtoto akimwangalia mama yake. Kuna walioachana, kuna waliofiwa, kuna waliokimbia kipigo. Uliza upya kana kwamba hujui kitu, kisha linganisha mwenyewe kimyakimya. Ukisoma cha zamani kwanza, aliyechoka atakujibu "ndiyo, ndiyo" na utarudi ofisini na taarifa zilezile za miaka iliyopita.

Mapato: taja kipindi. Mwezi uliopita na mwaka wa kodi ya serikali ni vitu viwili. Ufaransa nyongeza ile huhesabiwa kwa mapato ya miaka 2 nyuma, ila yaliyoshuka kwa angalau asilimia 10 yanaweza kutazamwa upya. Aliyepoteza kazi juzi atakukasirikia kwa haki kama hujui utaratibu wa kwako. Na usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa swali hili.

Mengine madogo: andika tarehe ya kuzaliwa badala ya umri. Sifuri, "hakujibu" na "hajui" visichanganywe. Mlango uliofungwa urudie kwa saa tofauti, mara ya tatu iwe mwisho wa wiki. Usiache mlangoni karatasi yenye jina na habari za mtu. Kwenye sehemu ya maoni usiandike "ana televisheni kubwa", hukutumwa hilo.

Kagua fomu zako jioni ileile, ukiwa bado unawakumbuka watu. Siku ya tatu hutajua tena "mtoto wa 2" ni wa ghorofa ya ngapi, na utaanza kubuni.