Nyama inapogoma kushuka: protini baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Wewe uliyerejea Mbeya, Iringa au Njombe baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, huenda umekwisha kuona kwamba nyama, ambayo zamani ulikula bila kuwaza, ndiyo inayokupa taabu kuliko chakula kingine chochote. Unameza kipande kidogo, kinashuka kidogo, halafu kifua kinabana katikati, mate mazito yenye povu yanajaa kinywani, na hupati nafuu mpaka kipande kiteremke chenyewe au kirudi kilikotoka. Hali hiyo inaogopesha, hasa ikikupata mezani mbele za watu. Mimi pia nilikatwa sehemu kubwa ya tumbo, na tangu hapo wenzangu kadhaa wa mikoa hii wamekuwa wakiniuliza maswali yale yale kuhusu nyama na protini. Haya ninayoandika ni majibu ambayo nimekuwa nikiwapa.

Inafaa kwanza kuelewa kwa nini nyama inakwama, kwa sababu anayeelewa chanzo hupata njia ya kupika. Katika upasuaji wa kukata tumbo, takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo huondolewa na kinachobaki ni mfano wa bomba jembamba. Katika upasuaji wa kuunganisha upya utumbo, chakula huingia kwenye kifuko kinachobeba takriban mililita 30 tu, kisha hupita moja kwa moja kwenda sehemu ya utumbo mdogo iliyo mbele zaidi, na ile ya mwanzo hurukwa. Kwa vyovyote vile, nafasi imepungua, na kazi ya kulowesha chakula kwa asidi na kukivuruga mpaka kilainike haifanyiki tena kama zamani. Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi ina nyuzi ndefu zinazoshikamana, na zikikauka kwa kuchomwa, kukaangwa au kupashwa moto mara ya pili, huwa ngumu zaidi. Samaki na yai havina nyuzi za namna hiyo, ndiyo maana mtu anayeshindwa na mshikaki anaweza kumaliza yai bila tatizo.

Sasa, kiasi. Wataalamu wengi wa lishe humtaka mtu aliyefanyiwa upasuaji huu apate angalau gramu 60 za protini kwa siku, na wengine humpangia hadi gramu 80 au zaidi kulingana na mwili wake na aina ya upasuaji. Fuata kiasi ulichopangiwa na timu iliyokuhudumia, kama unavyopaswa kufuata ratiba yao ya kutoka vyakula vya majimaji kwenda vilivyopondwa, kisha vilaini, kisha vya kawaida. Kinachowasumbua watu wengi ni kwamba wanazitafuta gramu hizo zote kwenye sahani ya mchana, na zaidi kwenye nyama, wakati tumbo lao haliwezi kupokea zaidi ya vijiko vichache kwa mara moja. Hesabu ya protini ni ya siku nzima. Ukiisambaza kuanzia asubuhi mpaka usiku, katika milo midogo mitano au sita, unaweza kuifikia bila kugusa kipande hata kimoja cha nyama, na hilo ndilo ninalotaka aliyefanyiwa upasuaji karibuni alishike katika miezi ya mwanzo.

Tunaishi mahali penye neema kwa jambo hili. Rungwe, Njombe na Iringa ni maeneo ya maziwa, na kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 8 za protini. Ikiwa maziwa mabichi yaliyochemshwa yanakuletea gesi au kuharisha, jambo linalowapata baadhi yetu hasa waliounganishwa utumbo, jaribu mtindi, kwa kuwa sukari ya maziwa hupungua yanapoganda. Mtindi huu una njia moja ambayo ningependa kila mtu aijue. Chukua mtindi usio na sukari, umimine juu ya kitambaa safi cha pamba kilichotandikwa kwenye chujio, weka bakuli chini yake, ufunike na uache usiku kucha mahali penye ubaridi, na katika majira yetu ya Juni na Julai hata anayeishi bila jokofu ataona kwamba jikoni kwake panatosha. Asubuhi utakuta maji ya kijani hafifu yamejaa bakulini, na juu ya kitambaa pamebaki mtindi mzito unaosimama kwenye kijiko. Ujazo umepungua karibu nusu, lakini protini nyingi imebaki humo, kwa hiyo kila kijiko kinachoingia kwenye tumbo lako dogo kina thamani kubwa zaidi kuliko kabla ya kuchuja. Vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga vikichanganywa humo vinaongeza takriban gramu 4.

Yai moja kubwa lina takriban gramu 6. Lipike kwa moto mdogo, ukilivuruga pamoja na maziwa kidogo, ulitoe kabla halijakauka. Yai lililokaangwa kwa mafuta mengi mpaka pembeni likawa kama karatasi litakukwama vile vile kama nyama.

Kisha kuna usipa wa Ziwa Nyasa, wale dagaa wanaopanda kutoka Kyela mpaka kwenye masoko ya Mbeya mjini, na ambao nawathamini kuliko vyakula vyote nitakavyovitaja hapa. Dagaa waliokauka kwelikweli wana zaidi ya nusu ya uzito wao katika protini, hivyo gramu 15 tu zinakupa takriban gramu 8. Waondoe vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga usionekane chini ya beseni, waanike tena au uwakaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, kisha uwatwange au uwasage wawe unga laini na uuchekeche. Unga huo unaingia kwenye uji, kwenye mchuzi wa nyanya, kwenye maharage yaliyopondwa au kwenye ndizi za Tukuyu zilizorojeka, na hauna nyuzi wala mfupa wa kukukwama. Kama umenunua usipa waliotiwa chumvi, usiongeze chumvi nyingine.

Maharage yanahitaji maelezo ya uangalifu, kwa kuwa huku kwetu ni chakula cha kila siku na wengi hudhani yanatosha peke yake. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina takriban gramu 8 au 9 za protini. Ni kiasi kizuri, lakini ukitaka kupata gramu 60 kutoka kwenye maharage peke yake utalazimika kula karibu gramu 700 kwa siku, na tumbo lako halina nafasi hiyo. Yafanye kuwa msaidizi wa yai, samaki na mtindi. Yaloweke usiku, umwage maji, uyachemshe mpaka yapasuke, uyaponde na kuondoa maganda katika wiki za mwanzo. Parachichi nalo husifiwa sana hapa kwetu, na kweli ni laini na lina mafuta mazuri, lakini gramu 100 zake zina gramu 2 tu za protini, kwa hiyo usilihesabu.

Lipo jambo ambalo linanihuzunisha kila ninaposikia limempata mtu. Mgonjwa akirudi nyumbani akiwa dhaifu, ndugu wanaompenda humchemshia supu kila asubuhi, naye hunywa ule mchuzi wa juu na kuacha nyama, akiamini kwamba nguvu imeingia. Protini ya supu imebaki kwenye nyama. Mchuzi wenyewe una chumvi, mafuta, ladha na kiasi kidogo tu cha protini. Mtu anaweza kunywa supu wiki baada ya wiki huku misuli yake ikiisha. Kama mama au shangazi ameshapika kwa upendo wake, mwombe achukue nyama iliyoiva kabisa, aisage pamoja na mchuzi wake kwenye blenda mpaka iwe uji mzito, na hapo supu itakuwa chakula.

Muda utakapofika wa kurudia nyama kwa ruhusa ya daktari wako, kumbuka mahali unapoishi. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Njombe iko juu zaidi. Maana yake ni kwamba nyama au maharage yaliyoelezwa kuiva kwa saa moja na nusu katika karatasi ya maelekezo uliyopewa Dar es Salaam hayatakuwa yameiva kwa kiwango hicho hicho hapa. Mtu mwenye tumbo zima halioni hilo kuwa tatizo, wewe utaliona. Ongeza muda kwa ukarimu, au tumia sufuria ya presha, ambayo kwa maoni yangu ni chombo cha lazima kwa mtu mwenye hali yetu katika mikoa hii, kabla hata ya kufikiria kununua unga wa protini wa dukani.

Anza na kuku wa kisasa, paja kabla ya kidari, kwa kuwa kidari hukauka upesi. Kuku wa kienyeji mwache kwanza, pamoja na utamu wake wote, kwa maana nyama yake ni ngumu. Baada ya hapo jaribu maini yaliyopikwa kwa mchuzi mzito bila kukaushwa, ambayo ni laini na yana madini ya chuma tunayoyahitaji sana. Nyama ya ng'ombe iwe ya kusaga, isagwe mara mbili buchani, na ipikwe ndani ya mchuzi wa nyanya. Ukitaka vipande, omba sarara, ukate vidogo kuliko punje ya hindi, uviloweshe kwa papai bichi lililokunwa kwa nusu saa hivi, kisha uvichemshe taratibu. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, nalo halina gharama. Nyama choma na mishikaki viwe vya mwisho kabisa, na kama havitarudi kwenye sahani yako, hujapungukiwa kitu.

Namna ya kula ina uzito sawa na namna ya kupika. Protini itangulie kabla ya ugali, wali au ndizi, kwa sababu ugali ukitangulia unajaza nafasi yote. Tafuna mpaka chakula kiwe laini kabisa, uweke kijiko chini kati ya tonge na tonge, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Usinywe maji wakati wa kula, na usubiri takriban nusu saa baadaye. Chai ya rangi iwe mbali na mlo na vidonge vya madini ya chuma, kwa sababu inazuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Ukisikia kifua kinaanza kubana, acha kula hapo hapo, simama, utembee polepole. Kusukumia kwa maji huongeza maumivu. Kama chakula kimekukataa leo, kijaribu tena baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa tumbo hubadilika kadiri muda unavyokwenda.

Huku kwetu mgeni hupewa nyama kwa heshima, na kuikataa kunaweza kumuumiza mwenyeji. Usijilazimishe kumeza ili kumfurahisha mama mkwe, wala usikae kimya sahani ikiwa mbele yako. Sema mapema, kabla chakula hakijapakuliwa: "Mama, nashukuru sana. Daktari amenipimia chakula kidogo kwa sababu ya upasuaji wa tumbo. Naomba unifungie fungu langu nitakwenda nalo." Fungu likipokelewa, heshima imepokelewa, na nyumbani utalisaga. Katika safari za basi, ambapo kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, beba mayai ya kuchemsha na mtindi wako, kwa sababu kuku wa kukaanga anayeuzwa njiani mara nyingi ni mkavu na muda wa kula ni mfupi mno kwako.

Nywele nyingi hupungua kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji, na kwa sehemu kubwa ni matokeo ya upasuaji wenyewe na uzito kushuka haraka. Huota tena, ingawa upungufu wa protini huchelewesha. Lakini miguu ikivimba, ukichoka kupita kiasi, au misuli ya mapaja ikilegea hata kuinuka kwenye kiti kukawa kazi, nenda hospitali. Ukitapika karibu kila unachokula kwa siku mbili au tatu, au hata maji yakishindwa kupita, nenda siku hiyo hiyo na uwaeleze wazi kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, kwa sababu njia ya chakula inaweza kuwa imesinyaa, na kutapika mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini na kuweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Weka nakala ya ripoti ya upasuaji wako kwenye simu na nyingine ya karatasi nyumbani, mahali ambapo mtu unayeishi naye anapajua. Vipimo vya damu vya kufuatilia albumini (protini iliyomo kwenye damu), wingi wa damu, madini ya chuma na vitamini B12 vifanyike kwa ratiba uliyopewa, hata kama unajisikia vizuri. Uliza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe ni vipi kati ya hivyo wanavyovifanya, na majibu uyatume kwa daktari aliyekupasua kabla hujapanga safari ya kwenda kumwona.