Tunachati kila siku, mbona mama anasema hatuongei?

Dada, salamu sana. Nafanya kazi kwa duka la hadiwea hapa Nakuru, nakaa Kaptembwa, na mama yuko Butere peke yake tangu baba atuache. Kila jioni ananitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, mambo ni yale yale tu, mvua, kuku, mguu wake, naskiza nikiwa kwa matatu kwa spidi ya mbili ndio iishe haraka, namrudishia dole gumba ama moyo, na pesa kila mwisho wa mwezi natuma bila kukumbushwa. Sasa dadangu ananiambia mama analia ati siku hizi hatuongei. Hatuongei aje na tunachati kila siku? Nimeumia sana. Anataka nini?
Kijana wa Kaptembwa

Ndugu yangu, pole, na mapenzi yako kwa mama nayaona, mtu asiyejali hangeandika. Lakini hebu tuanzie kwa hiyo spidi. WhatsApp walileta hiyo kitu 2021, na kwa maneno ya chama iko sawa kabisa, shida ni kuitumia kwa sauti ya mama. Wamama wetu hawasemi "naumwa" hivyo tu, anaanza na mvua, anapitia kwa kuku, anafika kwa mguu, "huu mguu nao...", ananyamaza, anashusha pumzi, haya mwanangu lala salama. Hapo aliponyamaza ndipo habari yenyewe ilikuwa, na kwa spidi ya mbili umepapita kama hakuna kitu. Zile tiki za bluu zinamwambia umefungua, hazimwambii umeskia.

Mwaka wa 1978 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick na wenzake walichapisha utafiti ambao mama anacheza na mtoto wake mchanga, halafu anaambiwa akaushe uso, amwangalie tu bila kutabasamu wala kuongea. Mtoto anajaribu kumvuta, anatabasamu, akiona hakuna jibu anageuza uso wake kando. Huyo hajui neno hata moja na ashajua mama hayuko naye! Sasa mama aliyekulea wewe ndio akose kujua?

Piga simu. Sio ukiwa kwa matatu, fika nyumba kwanza, keti, halafu uliza huo mguu ulianza lini na usiku analala aje, na kama ni wa kitambo mwambie dadako ampeleke hospitali wiki hii. Akinyamaza mwache anyamaze, usikimbilie "eh, na huko kwingine?", sisi siku hizi tukiskia kimya kwa simu tunadhani ni netiweki.

Na ukienda Butere simu iache ndani kwa chaji, hata kuilaza kifudifudi karibu na wewe usifanye. Kaa naye nje akichambua kunde na wewe uchambue, vunja vijiti, majani yaende kwa uteo, hata mkikaa nusu saa bila neno ni sawa. Maneno mazito wamama huyatoa mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwa mboga, lakini ukimkalisha kwa kiti umwambie haya mama niambie, atakuuliza tu kama umekula.

Pesa endelea kutuma, hiyo hakuna mtu amekataa. Na zile jumbe zake usimwambie aache, ziskize kwa mwendo wake mwenyewe, na usiku ukiwa umechoka sana heri ziamke na wewe asubuhi.