Umechapisha wapi, na karatasi hakuna?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari Mafinga. Juzi nimeweka hadithi yangu fupi kwenye intaneti, nikawaambia wenzangu ofisini kwamba nimechapisha hadithi. Mmoja akacheka: "Umechapisha wapi, na karatasi hakuna?" Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Uko sahihi wewe, ila mwenzako hakucheka bure.

Chapa, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, ni alama inayobaki pale kitu kilipogandamizwa. Mfugaji wa Usangu anayemchoma ng'ombe alama kwa chuma cha moto anapiga chapa. Mitambo ya vitabu nayo ilifanya yaleyale kwa wino. Hapo ndipo aliposimama mwenzako. Lakini tazama hiyo -ish-: kuchapisha ni kufanya kitu kichapwe, si lazima ukichape wewe. Fungua kurasa za mwanzo za kitabu cha zamani, utakuta watu wawili: kimechapishwa na fulani, kimepigwa chapa na fulani, pengine Peramiho kule Songea. Wa kwanza alichagua mswada, akauhariri, akaugharimia. Wa pili alikuwa na mashine. Intaneti imemwondoa huyu wa pili tu. Wa kwanza sasa ni wewe, pamoja na mzigo wa kuhariri, ambao wengi wanaukwepa (huko ndiko "hamna" inakogeuka "amna").

Kupiga chapa, basi, waachie wenye mashine. Kuchapa nako kumeshahama: ingia steshenari yoyote ya Mwanjelwa useme "nichapie barua hii", binti atakaa kwenye kompyuta akuandikie. Ukitaka itoke kwenye karatasi, utamwambia "niprintie".

Ninachokipinga mimi ni kusema picha ya kikombe cha chai yenye maneno matatu "imechapishwa". Hiyo umeiweka, au umeiposti, basi.

Jambo moja zaidi, hukuliuliza lakini litakufika. Ukiirekebisha hadithi yako usiandike "chapa ya pili". Vitabuni, chapa ya pili ni maneno yaleyale yaliyorudishwa mashineni. Yakibadilishwa, hilo ni toleo la pili. Mtandaoni hakuna cha kurudisha mashineni. Andika "toleo la pili" na tarehe yake, maana kitabu cha zamani hubaki rafuni kikikusuta, lakini ukurasa wa intaneti hubadilishwa usiku, na asubuhi huoni hata alama ya ufutio.