Volti 6 zinatosha, usikimbilie 12

Yaya, umeuliza kama ugeuze Ford Model A yako ya 1930 iwe ya volti 12 kwa sababu taa zinafifia. Mimi ningeiacha. Taa ya nguvu ileile, kwa volti 6 hudai mkondo maradufu, kwa hiyo waya mwembamba au kiungo chenye kutu humeza mwanga wote. Weka nyaya nene za shaba (Lubumbashi, mji wa migodi ya shaba, tukikosa shaba ni aibu!), kisha kwangua kutu pale waya wa masi (unaounganisha betri na mwili wa gari) unapofungwa kwenye chasi.

Ila angalia: kwenye Model A chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye chasi. Fundi aliyezoea Toyota, ambako ni hasi, ataigeuza, na ampimita (kipimo cha mkondo) itasoma kinyume. Mwambie kabla hajashika spana.