Kangaga la bua jeusi kukauka: si baridi

Mkuu, umeuliza kwa nini kangaga ulilotoa msituni limekauka majani wiki mbili tu baada ya kufika Uyole, Mbeya, na umeilaumu baridi ya Juni. Kwa picha uliyoweka, bua jeusi linalong'aa na vijani kama vipepeo vya mkono, hilo ni la jenasi ya Adiantum, huenda spishi ya poiretii, ambalo huota lenyewe kwenye misitu ya milima ya huku. Baridi bila jalidi halina shida nayo. Linalolimaliza ni upepo mkavu wa kiangazi pamoja na kufukiwa mno.

Shina lake hutambaa juujuu. Likizama zaidi ya sentimita 1 linaoza, hasa kwenye udongo mzito. Changanya sehemu 2 za mboji ya majani, 1 ya udongo wa juu na 1 ya vijiwe vyepesi vya volkano, vile vya kufyatulia tofali. Chekecha kwanza utoe vumbi, maana likituama chini ya chungu linaziba matundu. Samadi mbichi iache kabisa.

Mahali ndipo wengi tunapokosea. Kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana hupita kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini una kivuli kizuri. Lakini huko huko ndiko kusi inakovuma! Weka chungu nyuma ya kichaka au kizuizi cha makuti. Mwagilia udongo ukianza kupauka juu. Kunyunyizia majani hakusaidii kitu, maji yanateleza tu.

Hilo lililokauka usilitupe. Kwaruza shina: likiwa gumu na bichi ndani, kata majani yote ukiacha sentimita 2, funika chungu kwa mfuko wa plastiki wenye matundu, weka kivulini. Machipukizi yaliyojikunja yakitokea, fungua mfuko kidogo kidogo kwa siku kama 10. Ukiufungua kwa mkupuo yananyauka upya.

Zile alama za kahawia kwenye kingo zilizokunjwa chini ya jani si ugonjwa, ndimo vumbi la uzazi linamotoka. Usipige dawa.

Ukitaka mengine, nunua kitaluni au gawanya hilo likishanenepa, kila kipande kiwe na machipukizi 3 hivi. Kuchimba hifadhini bila kibali ni kosa. Na usidanganyike na lile kangaga gumu la mashamba yaliyochomwa moto: halihamishiki kirahisi, likishika halitoki, na ni sumu kwa ng'ombe.